Kurasa za Mkono na Visanduku vya Blaise

Wiki iliyopita nilirudisha funguo za ofisi, yaani biro yetu: mbili za mlango na moja ya kabati. Aliyezipokea alizihesabu mara moja tu. Nikamwambia, hesabu tena. Akacheka, akidhani ni utani wa mama anayeondoka. Haukuwa utani. Ndiyo maana nimekaa kuandika haya, ninyi mnaobaki na kiti changu, kompyuta yangu, na ule waya wa umeme ambao lazima uukandamize kwa tofali ndipo ushike.

Habari za vyeo nitaziacha. Hata walionipa walishasahau kwa nini walinipa. Nitaandika juu ya ugomvi mmoja uliokula miaka yangu mingi: tovuti ya biro yetu iandikwe kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, au iwekwe ndani ya mfumo wenye visanduku, ule unaoingia kwa neno la siri, unajaza, unabonyeza, na wenyewe unakutengenezea ukurasa? Mtasema huo ni ugomvi wa mafundi. Kwetu ulikuwa ugomvi juu ya watoto. Kazi ya biro mnaijua: mtoto akipotezana na wazazi wakati wa kukimbia, tunatafuta wazazi. Na katika mji huu, kukimbia ni kama mvua. Hujui siku, lakini unajua itakuja.

Nilianza kazi ya mashine katika chumba kimoja cha mtaa wa Birere, hapa Goma, nikiandikia watu barua. Baadaye tajiri wangu aliongeza kompyuta mbili, akapaka neno "Cyber" juu ya mlango, na mtandao ukawa unakuja ukipenda. Halafu volkano ya Nyiragongo ikafunguka, lava ikashuka ikakata mji vipande viwili, na kipande kilicholiwa kilikuwa na chumba chetu ndani yake. Neno "Cyber" liko chini ya mawe mpaka leo.

Biro ilianza katika darasa la shule lililobaki na nusu ya bati. Siku yangu ya kwanza nilienda na viatu vya plastiki, nikapita juu ya mawe yaliyokuwa bado yanatoa joto, na soli zikalainika kama ugali. Aliyenipokea alikuwa Muzee Bonane, mtu mrefu mkavu, aliyepanga herufi za risasi katika kiwanda cha uchapaji tangu ujana wake. Kiwanda nacho kilikuwa chini ya lava. Walimpa kompyuta wakamwambia atengeneze tovuti ya picha za watoto. Yeye aliitazama kompyuta kama mtu anavyomtazama mkwe asiyemchagua, kisha akaomba atafutiwe "mutu anaejua kuandika bila kuangalia vidole". Mtu huyo nilikuwa mimi.

Tulijifunza pamoja. Tulikuwa na kitabu cha Kifaransa kilichopoteza kurasa za mwanzo, kwa hiyo tulijua kupanga meza na picha kabla ya kujua kuanzisha ukurasa. Tuliandika kila alama kwa mkono. Ukisahau kufunga alama moja ya herufi nene, watoto wote wanaofuata wanakuwa wanene mpaka chini. Muzee Bonane alisoma kila mstari akirudi nyuma, kutoka mwisho kwenda mwanzo, kama alivyosoma risasi zake. Siku ya kwanza nilimletea picha ya msichana, nzuri, kubwa, inajaza skrini.

"Masika, picha hii iko na uzito gani?"

"Muzee, picha haina uzito. Iko ndani ya mashini."

"Kila kitu iko na uzito. Hii, nani njo atabeba?"

"Waya."

"Basi uende uulize waya."

Niliuliza waya. Waya ulichukua muda wa kupika maharage. Tangu siku hiyo picha zetu zilikuwa ndogo kama za kitambulisho, na mtu aliyekuwa Butembo au Bukavu, kwenye mashini mbovu, aliweza kuzifungua.

Muzee ndiye aliyepanga pia jinsi ya kugawa kurasa. Kitabu kilisema tupange kwa herufi za majina ya ukoo. Alicheka mpaka akakohoa. Hapa ndugu watano wa tumbo moja wana majina matano, na mtoto wa miaka mitatu ukimuuliza jina la mama yake atakujibu "Mama Furaha", na Mama Furaha wamejaa mji mzima. Kwa hiyo tulipanga kwa barabara. Watu hukimbia kwa barabara: ya Rutshuru, ya Sake, au ziwani. Mzazi hajui mtoto ameandikwa kwa jina gani, lakini anajua walipotezana wapi.

Sasa msidhani ninataka kuzisifu kurasa za mkono mpaka mwisho. Nimefanya biashara ya kubishana tangu Birere, na anayesifu bidhaa yake bila kutaja ufa anakuibia. Ufa wa kurasa za mkono ulikuwa huu: mkono ulikuwa mmoja. Muzee Bonane alipoacha kazi kwa sababu ya macho, nilibaki mimi. Mafaili yalikuwa kwenye kompyuta yangu, njia ya kuyapandisha kwenye seva ilikuwa kichwani mwangu, na waasi walipouingia mji mara ile, kichwa changu kilikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, pamoja na mimi, tukakaa kwa shemeji yangu asiye hata na redio. Kurasa zilisimama kama zilivyokuwa. Watoto waliokwisha kurudi kwao waliendelea kutabasamu kwenye tovuti kama waliopotea.

Niliporudi nilikuta bibi mmoja ameketi mlangoni, miguu imejaa vumbi.

"Ninyi njo munaandika batoto kwenye mashini?"

"Ndiyo, mama."

"Mwalimu alisoma kule, akaniambia mujukuu wangu iko hapa."

"Alikuwa hapa. Tulimurudisha Kalengera."

"Miye natoka Kalengera."

"Basi mulipishana njiani, mama."

"Sasa mashini yenu inajua kila kitu, haijui kusema kwamba tumepishana?"

Nilimtafutia nafasi kwenye lori linalorudi, na njia nzima mpaka stendi alinisema.

Kwa hiyo mkurugenzi mpya, sisi tulimwita Chef, yaani mkubwa, alipokuja na kusema anataka tovuti ya kisasa ambayo kila agenti anaweza kuijaza mwenyewe, hakuwa mjinga. Alikuwa ana haraka tu. Alimleta Blaise kutoka Kinshasa, kijana mwerevu mwenye shati la pasi, ambaye Kiswahili chake alikinunua hapa Goma na bado hakijakomaa. Mkutano ulifanyika chini ya feni isiyozunguka.

"Mama Masika," alisema Blaise, "site yako ni propre, ni safi, naipenda. Lakini ukifa?"

"Nikifa utakuja kwenye kilio."

"Site njo itakuja kwenye kilio. Itakufa na weye."

Chef alicheka. Mimi nilimwomba Blaise anieleze mfumo wake kama anavyomweleza mama yake. Akaeleza vizuri, sitamnyima. Kurasa zangu, alisema, ni mikate iliyolala mezani. Mtu anaomba, anapewa. Mfumo wake ni jiko. Mtu akiomba, unapika palepale kwa vitu vilivyo kwenye ghala, kwa hiyo ukibadilisha kitu ghalani, kila sahani inabadilika.

"Na kuni?" niliuliza.

"Kuni gani?"

"Jiko halipiki bila kuni. Umeme ukikatika, mtandao ukiwa mwembamba, watu mia wakiomba pamoja, nani analeta kuni?"

"Seva iko Ulaya, mama. Kule umeme haukatiki."

"Na weye uko wapi?"

Tulibishana mpaka mchana. Niliomba kurasa zangu zibaki kando ya mfumo, nikakataliwa. Nikaomba mpango wa barabara ubaki, nikapewa. Nikaomba picha ziwe ndogo. Nikapewa nusu, kwa sababu Chef alitaka picha yake kwenye ukurasa wa kwanza, mlango wa tovuti, upana wote, akiwakaribisha wageni. Niliona bei ni mbaya, lakini sokoni ukiona mwenzako ameshafungua mkoba na duka ni lake, unachukua unachoweza unaondoka.

Nilichopata ni hiki. Mfumo ulikuja na sura iliyonunuliwa, na sura ile ilikuja na kisanduku cha hali ya hewa ya mji wa ng'ambo ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuukanyaga. Tulijua kila asubuhi kama kule kuna theluji. Mfumo ulitaka kusasishwa kila tulipogeuza kichwa; ukiusasisha, kitu kinavunjika; usipousasisha, wezi wanaingia. Waliingia. Asubuhi moja ukurasa wa watoto wa barabara ya Sake ulianza kuuza dawa ya kuotesha nywele. Chef, ambaye kichwa chake kinang'aa, alidhani ni mimi.

Lakini volkano ilipomwaga tena, na watu wakafurika kwenda Sake, niliona jambo ambalo kurasa zangu zisingeweza. Maagenti wetu walikuwa barabarani na simu zao, wanaandika mtoto palepale walipomwokota, na mzazi aliyekuwa Minova anamwona kabla ya jua kuzama. Blaise aliniona ninawahesabu kwenye skrini, akaelewa, akaninunulia soda. Ilikuwa ya moto, lakini nilikunywa.

Shida ilikuwa kidole. Mtandao ukichelewa, agenti anabonyeza. Haoni kitu, anabonyeza tena. Anakasirika, anabonyeza kama anayepiga mlango. Mtoto mmoja anaingia mara tano. Chef alipotazama ripoti aliona watoto wengi kuliko vitanda na familia zote za kuwapokea tulizokuwa nazo. Akamwambia Blaise asafishe yaliyojirudia. Blaise aliweka chombo kidogo ndani ya mfumo: kikiona jina lilelile, jinsia ileile, umri uleule, kinaacha mmoja na kutupa wengine. Kilifanya kazi vizuri sana. Ripoti ikanyooka.

Hapo ndipo waasi walipoanza tena kushuka, na barabara ya Rutshuru ikajaa.

Mama mmoja, Mama Mumbere, aliingia bironi siku ambayo milio ilikuwa inasikika tayari upande wa Kibati. Nusu ya wafanyakazi walikuwa wamekwenda kufunga mizigo. Alikuwa amembeba mtoto mchanga mgongoni, kitenge kimefungwa mara mbili, na hakukaa.

"Natafuta mutoto. Kambale. Tulipotezana tulipotoka Kalengera, lori moja lilipakia batu, ingine ikatusukuma kando. Iko na miaka mine."

Nilifungua mfumo, mtandao ulikuwa bado unapumua. Nikaandika Kambale, miaka minne. Akatokea mmoja. Mmoja! Na huyo alikuwa amesharudishwa kwao Minova.

Mimi ni Mnande kama yeye. Kwetu majina yanafuata tumbo. Mvulana wa kwanza ni Mumbere au Paluku, wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka. Mimi Masika kwa sababu nilikuwa msichana wa kwanza. Ukisimama sokoni Majengo ukaita "Kambale!" utageuza wanaume wa kutosha kusukuma lori. Na barabara yote ya Rutshuru, miezi ile, ilikuwa imetuletea Kambale mmoja tu wa umri huo?

"Blaise," niliita, "kuja hapa. Kambale walikuwa wangapi?"

"Walikuwa wengi, mama. Doublons, waliojirudia. Maagenti walibonyeza sana, nilisafisha."

"Kambale hakuna doublon. Kambale njo mutoto wa pili."

Nikamweleza kwa haraka, na kadiri nilivyoeleza alizidi kukaa chini polepole mpaka akafika kwenye kiti. Wala sikuwa na haki ya kumcheka. Alitoka mji ambao mtoto anaitwa jina la babu, na chombo chake kilifanya alichoambiwa. Chef aliyekuwa mlangoni na mkoba wake aliuliza, "Umewafuta?"

"Hapana, Chef. Mfumo hautupi mbali, unaweka kwanza kwenye pipa. Wako kwenye pipa. Nafungua sasa."

Na hapo mtandao ukakatika, mji mzima.

Mtaniuliza kwa nini tusimchukue mama yule tumzungushe. Tungemzungusha wapi? Watoto wa umri ule hatukuwa tunawaweka vituoni; walikuwa kwa familia za kuwapokea, Majengo, Kyeshero, Ndosho, nyumba huku na nyumba kule. Jina la familia na mtaa vilikuwa ndani ya mfumo tu, kwa sababu karatasi tuliziacha tulipokuwa wa kisasa. Na familia hizo zilikuwa zinafunga magodoro saa ileile. Zikikimbia na mtoto, anakwenda mahali pa tatu, na mahali pa tatu ndipo tunapowapoteza kabisa. Mama Mumbere hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa anatazama dirishani watu wanavyopita na vyombo vichwani.

"Kyeshero, karibu na maji," nilisema, "simu zinashika mtandao wa Gisenyi."

Tulikwenda kwa miguu, Blaise na kompyuta yake ndani ya mfuko wa unga, mimi na mama yule na mtoto wake. Chef alitupatia simu yake yenye laini ya Gisenyi, lazima niseme hivyo, akabaki bironi peke yake. Tulikaa juu ya mawe meusi, nyuma ya ukuta wa mtu, tukashika mtandao mwembamba kama uzi wa kushonea. Blaise akaufungua mfumo. Duara likaanza kuzunguka.

Kwanza likashuka paji la uso la Chef. Kisha, polepole, macho ya Chef.

"Ondoa huyo mutu," alisema Mama Mumbere.

"Siwezi, mama, yeye njo mulango."

"Mulango unatucheka?"

Uzi ukakatika Chef akiwa bado hana pua. Blaise akaanza tena. Paji la uso. Macho. Hali ya hewa ya ule mji wa ng'ambo: jua kidogo. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Blaise naye alisema ya kwake kwa Kilingala, marefu zaidi, kisha akafunga kila kitu na kufungua dirisha jeusi, tupu, lenye mstari mmoja unaowaka na kuzima.

"Nini hiyo?"

"Naingia kwa ghala moja kwa moja, mama. Bila jiko, bila sahani. Maneno tu."

Akaandika amri. Herufi zilikuwa zinatokea moja moja, zinachelewa nyuma ya vidole vyake, lakini zilikuwa zinafika. Uzi ule uliweza kubeba maneno. Nilimkumbuka Muzee Bonane, nikanyamaza ili nisije nikasema kitu cha kujisifu wakati mbaya.

Kambale wakaanza kushuka kwenye dirisha, mstari kwa mstari. Niliwahesabu wakishuka, nikawahesabu tena waliposimama. Kumi na mmoja. Barabara ya Rutshuru, watano. Nikaomba jina la mama. Mama Mumbere. Mama Mumbere. Mama Paluku. Mama Mumbere. Mama Mumbere.

"Bien sûr, bila shaka," alisema Blaise, akishika kichwa. "Kama yeye ni wa pili, mama ana jina la wa kwanza. Wote!"

"Umeanza kuwa mutu wa huku," nikamwambia. "Tafuta maelezo. Kuna kisanduku cha mwisho cha maelezo."

Agenti wetu wa barabara ile alikuwa dada mmoja mpenda maneno, na mara nyingi Blaise alimwambia afupishe. Hakuwahi kufupisha. Blaise alisoma kwa sauti. Wa kwanza: anaogopa mbwa, ana kovu gotini. Mama akatikisa kichwa. Wa pili: hasemi kabisa. Mama akasita, akatikisa kichwa. Wa tatu:

"Hataki kula kama hajui kama Jenerali amekula. Nimeuliza Jenerali ni nani, amesema ni mbuzi wa baba."

Mama Mumbere aliinuka juu ya mawe mpaka mtoto mgongoni akashtuka. "Huyo! Huyo njo wangu! Mbuzi anaitwa Jenerali, sababu anakula vya watu na hakuna anaemugusa!"

Milio ilikuwa imekaribia na bado nilicheka, sikuweza kujizuia. Blaise akaomba mstari wa familia. Familia ya fundi wa viatu, Majengo, nyuma ya mashine ya kusaga. Uzi ukakatika hapo hapo, lakini tulikuwa tumeshasoma.

Kutoka Kyeshero mpaka Majengo siku kama ile si mwendo wa kusimulia. Ni mwendo wa kukaza kitenge. Tulipofika nyuma ya mashine ya kusaga tulimkuta fundi wa viatu amesimamisha chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, mizigo imepakiwa, magodoro mawili juu, na juu ya magodoro mtoto amekaa kama mfalme aliyechoka. Mke wake alikuwa anafunga kamba ya mwisho.

Mama Mumbere aliita. Mtoto aligeuka. Alimtazama mama yake, akamtazama mdogo wake mgongoni, akatazama nyuma yao barabarani.

"Mumbere iko wapi?" aliuliza.

"Iko kwa shangazi yako. Shuka."

"Na Jenerali?"

"Jenerali alikimbia kuliko sisi wote. Shuka, Kambale!"

Akashuka. Mama alimshika kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine akampiga kibao kidogo cha mgongo, kile cha kusema uliniua roho, kisha akakaa chini palepale barabarani. Mke wa fundi aliacha kamba akaenda kumshika. Fundi aliniuliza kama kuna mahali pa kutia sahihi. Nikamwambia hakuna, kimbieni. Naye akasema kwa hasira, "Lakini mutu achukue mutoto bila sahihi? Biro gani hii?" Alikataa kusukuma chukudu mpaka nikaandika mstari kwenye karatasi ya mfuko wa unga, akatia sahihi yake, nikatia yangu, na Blaise yake.

Mji ulipotulia, kwa namna mji huu unavyotulia, tulikutana tena chini ya feni ileile. Chef alisema amesikia habari ya paji la uso. Hakuna aliyemwambia, sijui alisikia wapi. Aliuliza basi tuchague nini, kurasa za mkono au visanduku. Blaise ndiye aliyejibu kabla yangu: tubaki na visanduku kwa ndani, maagenti waendelee kujaza, lakini kila jioni mfumo upike kila kitu mara moja na kuweka nje kurasa zilizopoa, nyepesi, bila jiko. Yule wa mbali achukue mkate mezani. Na nakala ya kurasa hizo ikae kwenye flashi za mfukoni kwa watu watatu, siyo mmoja. Na asiguse mtu pipa bila mtu wa pili kutazama majina.

"Na picha yangu?" aliuliza Chef.

"Kama ya kitambulisho," nikasema.

"Mara mbili ya kitambulisho."

"Ya kitambulisho, na chini kabisa."

"Ya kitambulisho, lakini juu."

"Juu, upande, na bila hali ya hewa."

Tukapeana mikono. Mfumo huo ndio mnaourithi. Utawasumbua, unasasishwa bado kila ukigeuza kichwa. Msije mkaniita.

Ila nimalize na siku moja. Miezi baadaye Mama Mumbere alirudi bironi, Kambale amemshika kitenge. Tulikuwa na karatasi ya wafadhili inayouliza mzazi aliipataje tovuti, na Blaise, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu, akamuuliza.

"Site njo nini?" alisema Mama Mumbere.

Blaise akanitazama. Mimi nikatazama feni.

"Miye sikuja juu ya hiyo," akaendelea. "Dada yangu amepoteza binti, barabara ya Sake. Kavira."

Blaise alivuta kiti karibu. Alifungua visanduku, akaruka jina, akaruka umri, akateremka mpaka kile cha mwisho.

"Kavira wako wengi, mama," alisema kwa Kiswahili ambacho sasa kilikuwa kimeiva. "Huyu wenu, ukimusikia tu bila kumuona, utamujuaje?"

Mama Mumbere alimweka mtoto mchanga vizuri mgongoni, akafikiri.

"Andika kwamba anaimba vibaya," alisema, "na haachi."